Mirathi ya Mzee Faki katika Nchi ya Kinaya

Njia ya kufika Kinaya sitaieleza, kwa sababu kila aliyewahi kufika huko huwa na njia yake, na njia hizo hazikutani. Itoshe kusema kwamba nilifika nikiwa mzima wa afya, na kwamba watu wa kwanza kunipokea walinikaribisha chakula kwa kuniambia hawana chakula. Nikaaga ili nisiwasumbue. Wakashangaa sana. Ikabidi mzee mmoja anivute kando kunieleza kwamba desturi ni mwenyeji aseme hana, mgeni aseme ameshiba, kisha wote wakae wale mpaka sinia liwe jeupe. Nikarudi, nikasema nimeshiba, nikala sana.

Mambo kama hayo hata kwetu yapo kidogo, lakini Kinaya yamekuwa sheria. Neno "nataka" halitamkwi mbele za watu. Mnunuzi sokoni husimama mbele ya fungu la nyanya akalitazama kwa huzuni mpaka muuzaji amwonee huruma. Kijana akimpenda binti, washenga hupelekwa kwa wazazi kutangaza kwamba kijana wao hana haja kabisa na binti huyo, na kadiri wanavyokana ndivyo mahari yanavyopanda. Gavana wao naye hakitaki cheo chake. Huapa hivyo hadharani kila uchaguzi, na nilipofika alikuwa katika muhula wake wa tano wa kutokitaka. Niliuliza kwa nini wasimpunguzie mzigo wakampa mtu anayekitaka. Walinitazama kama mtu aliyetoa tusi msibani.

Nilipanga chumba katika mji wa Staha, makao ya wilaya, na baada ya kupumzika nikaenda mahakamani kugongesha muhuri kibali changu cha kukaa nchini. Mahakama ya Wilaya ya Staha ni jengo refu lenye madirisha mengi, na juu ya kila dirisha pameandikwa shughuli isiyofanyika hapo. Mimi nilisimama kwenye dirisha lililoandikwa "Hapa Hapafunguliwi Mirathi", maana ndilo lililokuwa na foleni fupi.

Mbele yangu alikuwepo mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mikono yake imebabuka kwa joto la moto hadi kwenye viwiko. Zamu yake ilipofika alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aombaye maji:

"Nimekuja kufungua mirathi ya baba yangu."

Foleni nzima ikageuza nyuso pembeni. Karani wa dirisha lile, bwana mwembamba mwenye miwani aitwaye Mcha, aliweka kalamu chini.

"Dada yangu, hapa hatusemi hivyo. Sema ulikuwa unapita tu."

"Sikuwa napita. Nimetoka Mtaa wa Tanuri makusudi."

"Sema ulikuwa unapita, ukakumbuka kwamba una baba."

Mwanamke akashusha pumzi. "Nilikuwa napita, nikakumbuka kwamba nina baba."

"Amefanyaje?"

"Amekufa."

"Poleni sana. Jina lake?"

"Faki, muoka mikate. Mimi ni mwanawe, Siwema."

"Ameacha kitu?"

"Ameacha nyumba, bustani ya nyuma, na tanuri la mikate."

"Na wewe unavi..." Karani akajiziba mdomo kwa kiganja. "Hapana, usijibu! Hilo litaulizwa barazani. Mgeni, wewe hapo nyuma, wewe ni mgeni kweli?"

Nilisema ni mgeni kweli, na nikampa kibali changu akione. Alikigonga muhuri kwa furaha ambayo sikuielewa mpaka aliponieleza kwamba muhuri ule ulikuwa wa kuniteua shahidi. Sheria ya Kinaya inataka kila shauri la mirathi liwe na shahidi mgeni, kwa kuwa mgeni peke yake ndiye anayeaminika kuwa hana analolitamani. Wageni wakiwa adimu mashauri hukaa miaka. Siwema alinitazama, akasema, "Mungu amekuleta," na watu wakageuza nyuso tena, maana hata hilo lilikaribia mno kusema kwamba alikuwa akinihitaji.

Hapo ndipo Karani Mcha aliponifunza Sheria ya Mirathi, akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule, kwani aliipenda kwa moyo wote. Zamani, alisema, ndugu wawili waligombea kinu cha marehemu mama yao, kila mmoja akivutia upande wake, mpaka kinu kikapasuka na kila mmoja akaondoka na nusu isiyotwanga kitu. Gavana wa wakati huo alihuzunika, akatunga kifungu kimoja: mali ya marehemu na iende kwa yule anayeitaka kidogo kuliko wote waliomo barazani.

"Ni kifungu kizuri," nilisema, na nilimaanisha. "Lakini mnajuaje nani anataka kidogo?"

Akanionyesha kibakuli cha udongo kilichofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na unga mkavu wa mtama. Mrithi huwekewa unga kidogo juu ya ulimi, akafumba mdomo, na karani akamsomea mali ya marehemu kitu kimoja kimoja. Kisha mrithi hutema. Unga ukitoka mkavu, huyo hataki. Ukitoka umelowa, mate yamemwumbua. Kazi ya shahidi mgeni ni kuuweka unga ule kwenye ndimi za watu, na ndiyo niliyofanya, Mungu anisamehe.

Kwa kuwa shauri lilikuwa limefunguliwa, mahakama ililifunga tanuri la Mzee Faki kwa utepe mweusi, na askari akawekwa kuhakikisha haliwashwi. Siwema alinipeleka kuliona. Lilikuwa tanuri la udongo, la duara, refu kufika kifuani, ambalo marehemu alikuwa akibandika mikate ya mofa kwenye kuta zake za ndani. Siwema aliifanya kazi hiyo pamoja na baba yake tangu usichana wake, na baba alipougua akaifanya peke yake. Hakuwa na kazi nyingine.

"Masika yanakuja," aliniambia. Aliweka kiganja ubavuni mwa tanuri kama anayempima mtoto homa. "Udongo huu ukikaa baridi unanyonya maji. Ukishanyonya, unapasuka. Mwambie hakimu afanye haraka."

"Mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia afanye haraka, atasema nataka."

Ndugu yake mdogo, Pandu, alifika kutoka mji mkuu anakouza vitambaa. Alikuja na wakili, bwana Shombe, mtu maarufu aliyekuwa na chuo kizima cha kufundisha kutotaka. Nilimwona Pandu akifanya mazoezi uani kila asubuhi: Shombe anamtajia vitu vizuri, naye anapiga miayo. Kwa siku ya baraza Shombe aliagiza mabibo mabichi, maana bibo bichi likitafunwa hukausha kinywa mpaka ulimi ukawa kama msasa. Pandu alimsihi dada yake naye atafune.

"Dada, tafadhali. Moja tu."

"Sitafuni."

"Basi angalau useme hutaki. Neno moja!"

"Pandu, baba yetu alijenga tanuri lile kwa mikono yake. Nikisema silitaki, na yeye akanisikia?"

"Hawezi kusikia, amekufa. Lakini hakimu yuko hai, na anasikia vizuri sana!"

Nilidhani Pandu alitaka kumdhulumu dada yake. Baadaye nilijua nilikosea. Kile alichokihofia ni hiki: ukoo ukishindwa wote, mali humwangukia hakimu, kwa kuwa hakimu, kwa cheo chake, huhesabiwa hana tamaa. Hakimu Vuai wa Staha alikuwa ameangukiwa na nyumba nyingi kwa namna hiyo, na mashamba, na duka la seremala, na alilalamika juu ya mzigo huo kila mahali alipokaribishwa. Pandu alikuwa amejifunza kutoitaka nyumba ya baba yake ili isipotee.

Kabla ya baraza, sheria ilitaka tangazo libandikwe sokoni: yeyote asiyeitaka mali ya marehemu Faki na ajitokeze. Mtaa wa Tanuri ulijitokeza wote. Walikuja akina mama na watoto mgongoni, vinyozi, mafundi wa viatu, hata imamu, kila mmoja akisisitiza kwamba haitaki nyumba ile kuliko jirani yake asivyoitaka. Walisukumana foleni. Wawili walipigana ngumi kwa sababu ya nani hataki zaidi. Niliwawekea unga mmoja mmoja, Karani Mcha akasoma, "Tanuri moja la mikate ya mofa," na mmoja mmoja wakatema donge. Kila ulimi katika mtaa ule ulikuwa umewahi kuonja mikate ya Mzee Faki, na ulimi hausahau. Imamu alitazama donge lake kwa muda, akasema ni kwa sababu ya hali ya hewa.

Baraza lilifanyika asubuhi, ukumbi umejaa. Hakimu Vuai aliingia akitembea taratibu kama mtu aliyebeba magunia. Alikuwa mzee mtanashati, mwenye sauti laini, na alipoketi alitangaza kwamba hakuwa na haja ya kuketi.

"Siwema binti Faki," alisema, "unasimama mbele ya baraza hili kwa mirathi ya baba yako. Je, unaitaka mali hii?"

Swali hilo huulizwa kwa desturi tu, na jibu lake linajulikana. Mrithi huinamisha kichwa, husema, "Hata kidogo, Mheshimiwa," na kisha hupimwa kwa unga. Siwema aliinua kichwa.

"Naitaka."

Mama mmoja alimziba mwanawe masikio.

"Labda mrithi hakulisikia swali," Hakimu alisema kwa upole.

"Nimelisikia. Naitaka nyumba. Naitaka bustani. Tanuri ndilo nalitaka kuliko vyote, na ningependa nilipate kabla ya mvua."

"Umetuangamiza!" Pandu alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. "Dada, umetuangamiza!"

Wakili Shombe alimkandamiza bega akakaa. Alimnong'oneza kwamba si mbaya: dada akishajitoa kwa ulimi wake mwenyewe, Pandu ndiye pekee aliyebaki, na kinywa chake kilikuwa kikavu kama kibiriti. Pandu akaja mbele. Nilimwekea unga. Ulimi wake ulikuwa umekauka hasa, umepauka kwa bibo, na nilijua angefaulu.

Karani Mcha akafungua hesabu ya mali, akasoma kwa sauti yake ya kiserikali. "Nyumba moja ya vyumba vinne. Bustani moja ya nyuma, yenye kisima na mkomamanga. Tanuri moja la mikate ya mofa, lenye ufa ubavuni uliozibwa kwa kigae cha bakuli la buluu."

Uso wa Pandu ukabadilika.

Sikujua kisa cha bakuli lile wakati ule, alinisimulia baadaye. Alikuwa mtoto, akalivunja bakuli la harusi la mama yake, akajificha nyuma ya tanuri akingoja kipigo. Baba yake alikuja, akaokota vigae, akachagua kimoja, akakandika udongo na kuuziba kwacho ufa uliokuwa ukimsumbua siku nyingi. Akasema, "Sasa mama yako akiuliza, tutamwambia bakuli lina kazi." Ndivyo ilivyokwisha habari ile.

Pandu alitema. Unga ulitoka mkavu kama vumbi la barabarani. Shombe alikuwa ameshaanza kupiga makofi wakati Karani Mcha aliposogea, akainamisha miwani yake, akatazama si kibakuli bali mashavu ya Pandu.

"Mheshimiwa," alisema, "unga ni mkavu. Lakini mrithi analia."

"Machozi si mate!" Shombe akaruka.

"Kanuni ya unga haikutaja mate," Karani alijibu. "Imetaja kulowa."

Wakabishana juu ya hilo kwa muda mrefu, na ninakiri kwamba hoja zilikuwa za kiwango cha juu. Shombe alisema kwamba kama machozi ni kutaka, basi kila msiba ni wizi. Karani alisema kwamba mtu halii kwa ajili ya kitu asichokitaka. Shombe akauliza je, mtu akikata kitunguu? Mjadala ulikatishwa na Pandu mwenyewe, aliyefuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Acheni," alisema. "Naitaka. Naitaka sana. Nilikuwa nadanganya."

Alikwenda akakaa karibu na dada yake. Siwema hakumtazama, lakini alisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Hakimu Vuai alifumba macho kwa uchungu mkubwa.

"Ndivyo inavyokuwa siku zote," alisema. "Ukoo unashindwa, na mzigo unaniangukia mimi. Nilitumaini safari hii nitaepushwa. Basi, sina budi. Karani, andika kwamba mali ya Faki imemwendea Hakimu, kwa masikitiko."

Karani aliinua kalamu. Siwema akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Kifungu kinasemaje, neno kwa neno?"

Karani Mcha hangeweza kunyimwa nafasi ya kukisoma kifungu kile hata kama nyumba ingekuwa inaungua. Akakisema kwa moyo: "Mali ya marehemu na iende kwa yule anayeitaka kidogo kuliko wote waliomo barazani."

"Wote waliomo barazani," Siwema alirudia. "Hakimu yumo barazani. Apimwe."

Watu wakaguna. Shombe akasema haijawahi kutokea. Hakimu akasema haijawahi kutokea. Wote wakamgeukia Karani, aliyekuwa mtu mwoga na mwenye familia. Lakini kifungu alikipenda kuliko alivyojipenda.

"Mheshimiwa," alisema, "kifungu kinasema wote. Hakina 'isipokuwa'."

Nilipanda kwenye jukwaa na kibakuli changu. Hakimu alitoa ulimi kwa heshima. Niliweka unga, akafumba mdomo, na Karani akaanza kusoma, safari hii akiiacha bustani mwisho. Kwenye nyumba, Hakimu alitazama dari. Kwenye tanuri, alitazama kucha zake. Lakini yeye alikuwa mtu aliyezeeka, mwenye magoti mabovu, na Karani aliposoma, "Bustani moja ya nyuma, yenye kisima na mkomamanga," nadhani alijiona amekaa pale kivulini na miguu yake ndani ya beseni la maji baridi. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

"Tema, Mheshimiwa," Karani alisema.

Hakimu akatema. Hakikutoka kitu. Alikuwa ameumeza unga wote.

"Haya basi," Hakimu akasema haraka. "Haukulowa. Hakuna aliyeuona umelowa."

"Kilichomezwa hakijathibitishwa kulowa!" Shombe alisema, akiwa ameona upande wenye heri ulipo.

Siwema akauliza kwa sauti yake ile ile ya kuomba maji: "Mheshimiwa, mtu humeza asichokitaka?"

Kicheko kilianzia nyuma ya ukumbi, kwa mafundi wa viatu, kikaja mbele kama maji. Hakimu akawa mwekundu. Alifungua mdomo kujitetea, na hapo ndipo nilipoiona sheria ya Kinaya ikimbana mtu aliyeifaidi maisha yake yote: akiipigania nyumba, itaonekana anaitaka. Mwishowe alikunjua joho lake vizuri.

"Kwa kuwa siitaki," alisema, "sioni sababu ya kuigombea. Karani, nani mwingine yumo barazani ambaye hajapimwa?"

Karani alitazama ukumbi, kisha akanitazama mimi.

Sikuwa na sifa yoyote katika kilichofuata. Niliwekewa unga nikiwa nimezungukwa na macho ya mji mzima, nikijua kwamba nikikosea, ndugu wawili wataharibikiwa, na hofu hukausha kinywa kuliko bibo. Nilitema vumbi. Hakimu akagonga meza. Nyumba ya Mzee Faki, bustani na tanuri vikawa vyangu mpaka siku ya kuthibitishwa, ambapo nitapimwa kwa mara ya mwisho. Nikishindwa siku hiyo, hakutakuwa na baraza lingine. Mali itapelekwa kwenye ghala la wilaya, ambalo msimamizi wake ni hakimu.

Nilihamia siku ile ile. Kitu cha kwanza nilichofanya, nikiwa mwenye mali, ni kumwambia askari akate utepe na kumwambia Siwema awashe moto. Aliwasha taratibu, kuni chache chache, ili udongo usistuke. Pandu alikaa karibu akimwambia anakosea, ingawa hakuwa anakosea. Moshi ulipotoka, majirani walitoka nje wakasimama barabarani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu. Chumba changu kilitazama bustani. Asubuhi Siwema aliniletea mkate wa mofa wa moto na asali, na Pandu alinisimulia kisa cha bakuli na visa vingine. Komamanga zilikuwa zimeanza kupasuka. Nimetembea maisha yangu yote, na mtu anayetembea hana mahali ambapo anajulikana anakaa upande gani wa meza. Pale, kufikia katikati ya juma, nilikuwa na upande wangu.

Wakili Shombe alikuja kunitembelea. Alisimama mlangoni akasema hakuja kwangu.

"Karibu," nilisema.

"Sina la kukuambia, mgeni. Isipokuwa kama mtu angependa kuibakiza nyumba hii, yupo anayeweza kumfundisha kinywa chake kabla ya uthibitisho. Na nyumba ikishathibitishwa, ni yako mpaka kufa."

Nilipaswa kumfukuza. Nilimwambia nitafikiri. Alipokwisha kwenda, nilibaki nimeshika fremu ya mlango, nikagundua kwamba kidole changu kilikuwa kikikwangua rangi iliyobanduka, na kwamba nilikuwa nikichagua rangi mpya.

Siwema alikuwa ameona. Alikuwa akikanda unga uani, na hakuacha kukanda.

"Unaipenda," alisema.

"Ni nyumba nzuri."

"Sikulaumu. Ningekushangaa kama usingeipenda." Aligeuza donge, akalipiga. "Ila useme mapema, ili nijue pa kwenda."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunibembeleza. Nadhani kama angelia ningekuwa na la kujitetea. Nilikwenda kukaa bustanini, nikajiuliza nitakwenda wapi mimi, na jibu lilikuwa kwamba ningeweza kwenda popote, kama siku zote. Yeye alikuwa na mahali pamoja tu.

Asubuhi ya uthibitisho Karani Mcha alikuja na kibakuli chake, amevaa koti la kazi. Siwema alikuwa anabandua mikate. Harufu ilijaa uani, na niseme ukweli, kinywa changu kilikuwa kimejaa mate kiasi cha kulowesha gunia. Karani alichota unga.

"Toa ulimi, mgeni."

"Ngoja kidogo," nilisema. "Mali hii ni yangu hadi sasa?"

"Ni yako mpaka unga useme vingine."

"Basi nimeitoa. Nyumba, bustani na tanuri nimewapa Siwema na Pandu, wana wa Faki. Sina tena kitu cha kupimiwa."

Karani alisimama na unga kwenye vidole. Nilimwona akikitafuta kifungu kichwani mwake, toka mwanzo hadi mwisho na kurudi.

"Hakuna," alisema polepole. "Hakuna kifungu juu ya kutoa. Hapa watu wana vitu vingi wasivyovitaka, lakini sijawahi kusikia aliyetoa kimoja." Akafikiri tena. "Ipo desturi tu ya mpokeaji. Hupaswa kukataa mara tatu. Siwema binti Faki, unakataa?"

"Sikatai," Siwema alisema.

"Walau mara moja?"

"Hata mara moja. Naipokea. Ahsante, mgeni wetu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye unga, akanishika kwa muda, kisha akaniachia kwa sababu mkate ulikuwa unaungua.

Pandu alitoka ndani. Alimsikiliza Karani akieleza, akakaa chini ukingoni mwa kisima, akacheka, akajifuta macho. Kisha akasema, "Mimi nataka chumba cha mbele."

"Chumba cha mbele ni changu," Siwema alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa namwuguza baba humo na wewe unauza vitambaa."

"Basi nataka kile cha bustani."

"Nacho nakitaka kwa kuhifadhia unga."

"Unga! Dada, unataka unga ulale na komamanga, na mimi nilale wapi, tanurini?"

Walianza kwa sauti ya chini, wakapandisha. Nataka hiki, nakitaka kile, hapana mimi ndiye ninayekitaka. Majirani walitoka, wakapanga mstari juu ya ukuta wa bustani kama ndege. Walikuwa hawajawahi kusikia neno lile likisemwa mchana, kwa sauti, na watu wawili waliokuwa wakipeana mkate katikati ya ugomvi. Mama mmoja alilijaribu chini chini mdomoni. Niliifunga mizigo yangu bila haraka, maana nilitaka kusikia nani angeshinda.

Karani Mcha alipaswa kuwaandikia kosa. Alikuwa na kalamu mkononi na karatasi gotini. Alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na tanuri, mgongo umeegemea udongo wa moto, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyevua viatu. Alisikiliza hoja za Pandu, akasikiliza za Siwema, akatikisa kichwa.

"Wote mnakosea," alisema. "Mimi ningetaka hapa hapa penye tanuri."